Siku ya Pili Haikusifiwa

Nilipewa ukuta wa hatua kumi na nne, na siku saba za kuweka juu yake. Ukuta ulikuwa wa darasa jipya la watoto, nyuma ya kanisa letu dogo hapa Kisauni. Siku saba zilikuwa zile za mwanzo kabisa, Mungu alipoumba mbingu na nchi. Nilipewa wiki sita, kisha mchungaji mkuu angekuja kulifungua darasa. Nikisimulia jinsi nilivyozitumia wiki hizo, watu hucheka kabla sijafika katikati. Afadhali niandike, maana wakicheka sitawasikia.

Kazi niliipata kwa mdomo wa mama. Mimi sikusomea uchoraji. Nilimaliza kidato cha nne, nikabaki nyumbani, nikajifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kusimama mbele ya mabango ya maduka mpaka wenye maduka waniulize nataka nini. Nilikuwa nimeshachora mabango matatu: la kinyozi, la muuza viazi karai na la mwenye kukodisha viti vya harusi. Lile la kinyozi lina sikio moja kubwa kuliko jingine, na mpaka leo napita njia ya nyuma ili nisilione. Mama alikuwa katika kamati ya ujenzi. Kwetu kanisa likijengwa, wanaume hutafuta fundi na wanawake hubeba maji, na mama ndiye aliyewasimamia wanawake. Kamati ilipoanza kutaja wachoraji wa mjini, aliinuka akasema, "Mchoraji mnaye hapa hapa. Akiwaharibia, niulizeni mimi."

Alinieleza hayo kwa furaha huku akivua viatu mlangoni. Ningependa angesema kwamba nitajaribu. Badala yake alikuwa ameweka jina lake mbele, na jina zuri katika kanisa lile ni kitu alichokijenga kwa miaka ishirini, kwa kufagia, kupika na kuketi na wafiwa.

Lazima niseme nilivyo, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Ujumbe wa simu wa maneno manne nausoma mara tano kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena nione nimemuudhi nani. Nikikunja nguo, nazikunjua nizikunje upya kwa sababu pindo hazikulingana. Mama husema nilichelewa kuzaliwa wiki mbili nzima kwa sababu nilikuwa bado napanga vidole.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuchora. Kumbe kazi ngumu ilikuwa watu. Kila mtu kanisani ana maana yake ya hadithi ya uumbaji, na wengi huitumia kama fimbo ya kumchapia mwenzake. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini, alishikilia kwamba mwanamke aliumbwa wa mwisho ili akute kazi imeshapangwa. Mama akamwambia, "Chapati ya kwanza huwa ya kujaribia kikaango, mzee. Wewe mwenyewe huwa humwekei mgeni." Mwinjilisti wetu, kijana kutoka bara, alitaka ukuta uonyeshe wazi kwamba kila siku ilikuwa ya saa ishirini na nne kamili. Nikamuuliza saa ishirini na nne huchorwa vipi. Akasema hiyo ni kazi ya msanii.

Nilipotandaza michoro ya penseli baada ya ibada, wanawake waliizunguka kama samaki wa kununua.

"Huyu Hawa ni wa Kisauni au wa Nyali kwa matajiri?"

"Mwongeze mwili, mwanangu. Hivi hajaumbwa, ameugua."

"Na Adamu mbona ni yule wa bodaboda wa pale stejini?"

"Mfunike basi, kuna watoto."

Walikuwa na haki ya kucheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani nikamchora Hawa upya mara tisa. Lakini hakuna aliyeniuliza swali lililokuwa likinikera: hadithi hii ni ya nini? Haikuandikwa ili tujue urefu wa siku, wala ili mzee wa bandari amshinde mama yangu. Nilitaka mtoto atakayeketi chini ya ukuta ule aondoke na jambo moja. Jambo lenyewe sikulijua, nikaona haya kukiri, maana nilikuwa nimeshakubali kazi.

Siku ya kwanza ilinila wiki nzima na zaidi. Siku hiyo kuna nuru na hakuna jua, kwa sababu jua linakuja siku ya nne. Jaribu kuchora hivyo.

"Weka jua dogo tu pale pembeni," mwinjilisti aliniambia.

"Jua ni siku ya nne."

"Watoto hawatajua."

"Mimi nitajua."

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba. Mwishoni nilichora manjano nzito upande wa kushoto, ikififia taratibu mpaka giza upande wa kulia. Mwenyekiti alikuja, akasimama mikono nyuma, akauliza ni kitu gani. Nikamwambia ni nuru. Akasema nyumbani kwake kuna ukuta kama huo, juu ya jiko la kuni.

Siku ya pili ndiyo iliyonivunja. Mungu aligawanya maji, mengine juu na mengine chini, akaweka anga katikati. Nikachora samawati mbili na ukanda mweupe kati yake, na kwa mara ya kwanza nilipenda kitu nilichokifanya. Baada ya siku tatu rangi ikafura. Ikatoa malengelenge kama mkono uliomwagikiwa uji wa moto, kisha ikaanza kudondoka sakafuni kwa vipande. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikachora upya. Ikafura tena. Nikabadilisha rangi na brashi, nikapunguza maji kwenye mchanganyiko. Mara ya tatu ilidumu siku nne, nikaanza kuamini, nikaja asubuhi nikaikuta inaning'inia.

Kilichonichosha ni kwamba siku ya kwanza, hatua mbili tu kushoto, haikuwa na doa. Ukuta ni mmoja, rangi ni ileile. Basi ni mkono wangu. Sikufikiria jambo jingine lolote, maana tangu utoto nikitafuta kosa huwa naanza na mimi, na mara nyingi huishia hapohapo.

Siku tano zilizobaki zilikuwa nyeupe tupu. Mama alikuja jioni moja akaziangalia kwa muda mrefu.

"Chora ya tatu. Hii utairudia."

"Siwezi kuruka, mama. Mungu hakuruka."

"Mungu hakupewa wiki sita na kamati."

Sikuruka. Niliketi sakafuni katikati ya magamba ya samawati, nikafungua Biblia nisome maneno ya siku ile, nikidhani labda kuna kitu nimechora vibaya na ukuta unakikataa. Nilikuwa nimefikia hali hiyo. Nilisoma siku zote saba, kisha nikazisoma tena, kwa sababu ndivyo ninavyosoma. Ndipo nikaona kitu. Siku ya kwanza Mungu anaona nuru kuwa ni njema. Siku ya tatu anasema ni vyema, tena mara mbili. Ya nne, ya tano na ya sita vivyo hivyo. Siku ya pili hasemi. Anagawanya maji, anaipa anga jina, inakuwa jioni, inakuwa asubuhi, basi. Nilipitisha kidole kwenye mistari ile kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Maneno hayo hayapo.

Nilimwuliza mwinjilisti. Akasema bila shaka ilikuwa njema pia, ila haikuandikwa. Nikamwuliza mwenyekiti, aliyekuwa amesimama hapo. "Mwanangu," akasema, "wewe unatafuta mfupa ndani ya pweza. Chora."

Alhamisi ya wiki ya tano alikuja mzee aliyeupiga ukuta ule plasta. Alifuata mbao zake za kusimamia, zilizokuwa zimeachwa nje. Ni mtu wa Likoni, mwenye kofia ya kitambaa iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wachora ama wabomoa?"

Akasogea kwenye siku ya pili, akasugua ukuta kwa kidole gumba, akakitia ulimini. Kisha akanionyesha nami nifanye hivyo. Nikafanya. Ilikuwa chumvi, kali kama ya kuwekea samaki.

"Rangi yako haina kosa, wallahi. Kipande hiki kilipigwa kwa maji ya kisima." Akaonyesha kwa kiganja pale plasta ilipoanzia na ilipoishia, na ilikuwa karibu kabisa na mipaka yangu ya siku ya pili. "Siku ile mfereji ulikatika. Saruji nimeshaichanganya, yaanza kuganda. Nikaambiwa maji yaja, na kweli yakaja. Nikauliza ni ya wapi, nikaambiwa, fundi, wewe piga kazi."

"Nani alikwambia?"

"Mama mmoja wa makamo. Mkali mkali hivi, ila kila akimaliza kugomba acheka. Ana pengo hapa."

Alionyesha jino la juu. Nilikuwa nimemjua tangu "mkali".

Kila mtu wa pwani anajua kwamba maji ya visima vyetu yana chumvi, na kwamba ukuta ulionyweshwa chumvi utaitoa siku moja. Mzee akanieleza dawa: kipande kibanduliwe kwa patasi mpaka kwenye mawe, kipigwe upya kwa maji matamu, kiachwe kikauke angalau wiki tatu. Kisha akaitazama siku ya kwanza, akauliza maneno yenyewe yanasemaje. Nikamwambia, ikawa jioni, ikawa asubuhi.

"Basi mbona umeanza na nuru ukamaliza na giza? Siku yaanza magharibi, jua likizama. Usiku watangulia. Hata sisi ndivyo tuhesabuvyo."

Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu kamba ya kiatu imefunguka. Nilimshukuru. Alipoondoka na mbao zake nilikaa chini, nikacheka vibaya. Wiki tatu za kutafuta kosa langu, na kosa langu la kweli lilikuwa kwenye ile siku niliyodhani imepona.

Kesho yake nilimkuta mama uani akikuna nazi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nikayasahau yote.

"Yale maji yalikuwa ya kisima."

Hakuacha kukuna. "Maji gani?"

"Mama."

Akaacha. "Mitungi sita," akasema. "Sita tu. Mwenyekiti alisema mara tatu, maji ya mfereji peke yake, na kila akisema ananitazama mimi. Nikamwambia sawa. Sasa mfereji umekatika, mkokoteni wa maji hauonekani, fundi amesimama, saruji inageuka jiwe. Ungefanya nini wewe?"

"Ningesema."

"Wewe ungesema, ndiyo. Ungesema mpaka saruji ikauke."

"Na nilipokuwa nakwangua? Ulijua?"

Alipangusa mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Wiki ya kwanza nilidhani ni mkono wako. Ya pili nikaanza kushuku."

Sijui lipi liliniuma zaidi. Nilitaka kupiga kelele, lakini nyumba yetu imepakana na nyingine kwa ukuta mmoja mwembamba, na hata hasira yangu huwa naikagua kwanza. Nikamwambia kesho kamati inakuja kukagua. Akasema anajua. Akasema nisiseme kitu, atasema mwenyewe, akipata nafasi. Kisha akarudi kwenye nazi, na niliona mgongo wake umejikunja kwa namna ambayo siyo ya kukuna.

Jumamosi walikuja mchana: mwenyekiti, mwinjilisti, na mama nyuma yao kama aliyekuja kuwaonyesha njia tu. Mwenyekiti alipima ukuta kwa hatua zake.

"Wiki tano," akasema. "Siku moja na nusu. Kwa mwendo huu Adamu ataumbwa Krismasi."

Mwinjilisti akacheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha.

"Kasoro ni nini hasa, binti?"

Mama alikuwa anatazama fremu ya dirisha. Nilimngoja. Nilihesabu pumzi nne.

Naungama kilichopita kichwani mwangu. Nilikuwa na jibu tayari, safi, lisilohitaji kusahihishwa: maji yalikuwa ya kisima, mzee wa plasta ni shahidi, mkono wangu hauna kosa. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na cheti cha kutokuwa na kosa, na nilikitaka kuliko chakula. Nikafungua mdomo. Ndipo nikakumbuka ukurasa unaofuata katika hadithi ileile niliyokuwa naichora, pale watu wa kwanza wanapoulizwa wamefanya nini, na mwanamume anamnyooshea kidole mwanamke aliye kando yake. Ilinikera kuikumbuka. Sikuwa nimemwomba Mungu mafundisho saa ile.

"Ukuta haukuwa tayari," nikasema, "nami nikaupaka tu. Ulipokataa, sikumwuliza mtu. Ningeweza kuendelea na siku nyingine, sikuendelea."

Yote hayo yalikuwa kweli. Yaliniunguza kwa sababu yalikuwa kweli na hayakuwa yote.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

Mwenyekiti si mtu mbaya. Alitikisa kichwa kwa masikitiko halisi. "Basi tukushukuru kwa kujitolea. Jumatatu tutafute mchoraji wa mjini."

"Mwacheni," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuudhika, kama aliyeitwa mara tatu akiwa bafuni. "Nilichota kisimani. Kipande hicho kilichofura. Mitungi sita."

"Kisima kipi?" mwenyekiti akauliza.

"Hicho cha nyuma. Kuna kingine?"

"Nilisema maji ya mfereji."

"Ulisema. Nami nilisikia." Kisha, badala ya kumalizana naye, alinigeukia mimi. "Na wewe nani alikutuma? Nilikwambia nitasema mwenyewe. Sasa nimeonekana najificha nyuma ya mtoto."

"Nilikungoja, mama."

"Ulingoja kidogo."

Mwenyekiti alitutazama sote wawili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ulituambia akiharibu tukuulize wewe," alimwambia mama.

"Basi niulize."

"Yote sita?"

"Sita."

Akashusha pumzi. Alisema kipande kibanduliwe kipigwe upya, na maji ya plasta mpya atayasimamia mtu mwingine mpaka kazi iishe. Mama akasema sawa. Alisema haraka, na mimi niliyeishi naye miaka ishirini na mitatu nilijua neno hilo limemwingia wapi. Kesho wanawake wote wangelijua. Nilitamani mwenyekiti agombe tu, angalau kugomba kungeisha.

Mwinjilisti akauliza ufunguzi utakuwaje, na kipande cha siku ya pili kitakuwa saruji mbichi. Mwenyekiti akapendekeza kitundikwe pazia. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba siku ya pili ndiyo pekee ambayo Mungu hakusema ni vyema.

"Umerudi kwa pweza," mwenyekiti akasema.

Lakini mwinjilisti alikuwa ameshatoa simu. Alisoma akisukuma maandishi kwa kidole, juu, chini, tena juu. "Kweli hayapo," akasema.

Nikajaribu kueleza, vibaya, huku nikigugumia. Kazi ya maji haikwisha siku ya pili. Maji yalikuwa bado yametapakaa, hakuna nchi kavu, hakuna mahali pa mtu kusimama. Yalikusanywa siku ya tatu, na siku hiyo ndipo likatoka neno jema mara mbili. Kwa hiyo ile siku iliyopita haikusifiwa, na haikufutwa pia. Ilipata jina, ilipata jioni yake na asubuhi yake, na kazi ikaendelea. Nilisema nadhani hadithi hii ilitolewa kwa watu wanaofanya kazi na kuogopa macho ya anayeiangalia. Inawaambia kwamba anayeangalia hasemi ni njema mpaka iwe njema, lakini pia haondoki.

"Sasa nimwambie mchungaji mkuu kwamba saruji tupu ndiyo mafundisho?" mwenyekiti akauliza.

"La. Mwambie ukuta una chumvi."

Mama akatoa sauti puani. Inawezekana ilikuwa kicheko. Mwenyekiti alisema nina siku nane, na zikipita atamleta mtu wa mjini, na hilo halina mjadala. Kisha yeye na mwinjilisti wakatoka.

Mama hakutoka. Aliketi kwenye benchi la watoto, magoti karibu na kidevu, akanigeuzia upande. Bado alikuwa amenikasirikia, nami nilikuwa nimemkasirikia, na darasa lilikuwa na joto la mabati. Siku ya kwanza ilikuwa imekaa kinyume mbele yangu, giza mahali pa nuru. Niliitamani. Saa mbili tu, ningeigeuza. Nikaihesabu ile nafasi nyeupe iliyobaki, siku tano, nikachanganya kijani.

Tangu nianze kazi ile sikuwahi kusimama kulia kwa siku ya pili. Mstari wa kwanza wa nchi kavu ukapanda kama mgongo wa ng'ombe.

"Hapo panakuja nini?" mama akauliza, bila kugeuka.

"Miti ya matunda."

"Weka mkorosho."

"Mama, mkorosho haukuandikwa."

"Imeandikwa haukuwapo?"

Nikachora mkorosho. Ulitoka umeinamia kushoto, na matawi upande mmoja mazito kuliko upande wa pili. Mama alikuja akasimama karibu nao, akauangalia, akasema wa nyumbani kwao ulikuwa umepinda zaidi ya huo. Nikachanganya rangi ya mti wa pili.